Hawala ya Kwenda Kanada

Mjini Rhamu watu walimwita Shamso Hooyo Kanada. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na Kanada ndiko alikokuwa mwanawe wa pekee, Abdihafid, mwaka wa saba sasa, akikata nyama katika kiwanda cha machinjio kwenye mji mdogo wa baridi kali. Shamso hakulichukia jina hilo. Lilimfanya avutiwe kiti dukani kabla ya wengine, na kwenye harusi lilimtoa nyuma kwenye masufuria likamkalisha mbele na wenye maneno.

Kabla ya Kanada alikuwa mke wa mkulima, kisha mjane wa mkulima. Mumewe alimwachia ekari mbili kando ya mto Daua, mahali ambapo ukisimama kwenye ukingo unawaona watu wa Ethiopia wakifua nguo upande wa pili. Walilima vitunguu na mipapai, na walikuwa na mbuzi waliochungwa na jamaa zao huko Tarbaj. Ukaja mwaka wa ukame, mbuzi wakaisha wote. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha kupita kiasi, mto ukapanda usiku mmoja ukaondoka na pampu na vitunguu vilivyokuwa vimebakiza wiki mbili kuvunwa. Abdihafid wakati huo alikuwa na cheti cha ufundi wa umeme. Alikuwa ameomba kazi Mandera, akaomba Wajir, akaenda hadi Garissa akakaa miezi minne kwa mjomba wake akizunguka na bahasha mkononi. Alirudi amekonda na bahasha ileile.

Idil ndiye aliyemtoa. Alikuwa binti wa jamaa zao, aliyekulia kambini Dadaab kisha akapelekwa Kanada na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuja kuwaona ndugu zake, akamwona Abdihafid, wakaoana, naye akamfanyia makaratasi. Yalichukua karibu miaka miwili. Siku ya kuondoka Abdihafid alimwambia mama yake kwamba hatashika jembe tena maisha yake yote yaliyobaki, na Shamso, aliyekuwa na jembe mkononi wakati ule, alicheka.

Kwa kweli hakulitupa mara moja. Mwaka wa kwanza alilima ekari zote mbili, kwa pampu kuukuu aliyoinunua badala ya ile iliyochukuliwa na mto. Pesa zilipozoea kuja kila tarehe tano, akaona ekari moja inamtosha. Vibarua wa Rhamu walikuwa ghali, na vijana wengi nao walikuwa na kaka au dada nje, hawakuona sababu ya kuinama juani. Ile ekari ya pili, ya upande wa mto, ikaachwa ipumzike, na kupumzika kwake kukawa msitu wa mathenge, ule mti wa miiba usiomuuliza mtu ruhusa. Shamso hakuumia sana. Alikuwa na bati jipya, tangi la maji na chai yenye maziwa asubuhi na jioni. Jamaa aliyefiwa, aliyeoa, aliyelazwa hospitali, wote walipita kwake kwanza, naye alichukua simu akamweleza mwanawe. Abdihafid hakuwahi kusema hapana. Jambo hilo Shamso alikuja kulifikiria baadaye, kwamba katika miaka yote hiyo hakulisikia neno hapana hata mara moja, na wala halikumshangaza.

Mwezi wa sita, muda mfupi baada ya swala ya alasiri, Idil alipiga simu. Hilo halikuwa la kawaida, kwa sababu mwenye kupiga alikuwa Abdihafid, siku ya Ijumaa. Kule ilikuwa asubuhi na mapema. Idil alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako alifanya kazi usiku, naye alikuwa anaongea ndani ya gari lililoegeshwa nje ya nyumba yao ili mumewe asisikie.

Alianza kwa kuomba radhi. Alisema analotaka kusema si la mke kumsemea mume, lakini amelibeba hadi limemshinda. Abdihafid hakuwa kazini tangu mwezi wa kwanza. Miaka sita ya kushika kisu kwenye baridi, akikata pale pale mara maelfu kwa siku, ilikuwa imeua mikono yake. Ilianza na ganzi kwenye vidole, ikaja maumivu ya kumwamsha usingizini, mwisho akawa hawezi kufunga vifungo vya shati la mtoto. Kiwanda kilimpa likizo fupi, kisha kikampa barua. Amepasuliwa mkono mmoja, wa pili unangoja.

Shamso aliuliza zile pesa za mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano zilitoka wapi.

"Amekopa, hooyo," Idil alisema. "Amekopa kwa kila mtu tunayemjua. Mwezi uliopita alikopa kwa mtu ambaye mimi simjui."

Idil alipokata simu, Shamso alitoka uani. Mwezi wa tatu, katika Ramadhani, yeye ndiye aliyekuwa amempigia Abdihafid kuomba pesa za kumalizia ukuta wa uani. Ukuta ulikuwa pale mbele yake, umepakwa rangi.

Kwanza alikasirika. Alimkasirikia mwanawe kwa kumfanya yeye kuwa mtu asiyeweza kuambiwa ukweli. Siku mbili nzima alikuwa akifungua simu ampigie, akifunga. Alijua Abdihafid angekana, kisha angeapa, kisha angekopa tena mwezi huo ili kuthibitisha. Siku ya tatu alichukua panga, akaenda hadi ekari ya pili, akasimama ukingoni akautazama ule msitu. Alikata tawi moja. Likamchukua muda wa kuchemsha chai.

Siku hiyohiyo alikwenda ofisi ya kilimo. Afisa wa kilimo alikuwa Nkirote, mwanamke wa Meru aliyehamishiwa Rhamu miaka mitatu nyuma na ambaye watoto wake wawili walibaki kwa bibi yao huko milimani. Waliongea Kiswahili, ambacho Shamso alikuwa amekiokota sokoni.

"Abaayo, dada yangu," Shamso alimwambia, "mimi nataka lima yote. Ile nusu imekuwa msitu, nataka rudisha. Lakini bambu iko mzee na mimi iko mzee."

Nkirote alielewa kuwa bambu ni pampu, na hakucheka. Alikuja kuikagua pampu mwenyewe, akasema inahitaji pete za injini na mpira wa kunyonyea maji tu. Alimshauri aanze kitalu sasa hivi ili miche iwe tayari msitu ukiisha kufyekwa. Kisha akamuuliza ana nani wa kumsaidia. Shamso alisema atatafuta.

Msaidizi alimpata mtoni. Kulikuwa na watu waliovuka kila asubuhi kutoka upande wa Ethiopia kutafuta kibarua, na wakati wa kiangazi maji yalifika magotini tu. Mmoja wao aliitwa Olow, mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, asiyependa maneno. Alikuwa na shamba lake mwenyewe upande wa pili, nusu ekari, lakini bei ya mbolea ilikuwa imepanda na birr, pesa ya kwao, imeshuka hadi akaona anailisha ardhi badala ya ardhi kumlisha yeye. Mkewe Lul alibaki na watoto watatu, na mavuno yalipokosekana alimwambia avuke akatafute. Walikubaliana Olow apate theluthi ya mavuno, chakula, na mahali pa kulala kwenye chumba cha pampu.

Shamso alikuwa mwajiri mgumu, na alijua. Alimhesabia Olow majani ya chai. Aliketi chini ya mpapai akimtazama anavyofyeka, na kila alipoinuka kunyoosha mgongo alimuuliza kama kuna tatizo. Olow alijibu kwamba hakuna tatizo, eeddo, akarudi kuinama. Eeddo ni shangazi, neno la adabu kwa mwanamke wa umri wake. Kwa wiki tatu neno hilo na mawili matatu mengine ndiyo yote aliyoyasikia kutoka kwake.

Wiki ya nne mathenge yote ilikuwa chini, na visiki vilikuwa vinachomwa. Asubuhi moja Shamso alimletea chai, naye Olow akaipokea kwa mkono wa kushoto, akainywa kwa mkono wa kushoto. Shamso alidhani ni utovu wa adabu, akakunja uso. Kisha akaona kwamba mkono wa kulia ulikuwa umefichwa kwenye mikunjo ya kikoi.

Alimwambia autoe. Olow alisema ni mchubuko tu. Akamwambia tena, kwa sauti ileile. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilipofunguliwa kiganja kilikuwa kimevimba kama mkate, chekundu hadi kwenye kifundo, na katikati palikuwa na alama nyeusi ya mwiba.

"Siku ngapi?"

"Sita."

"Na unafyeka na mkono huu?"

Olow alitazama pembeni. "Ningesema, eeddo, ungeniambia nivuke nirudi. Nimemwambia Lul kuwa kazi ni nzuri. Nimemwambia mwajiri ni mtu mwema."

Shamso alimfunga tena kitambaa. Aliinuka, akaingia ndani akavaa baibui, akampeleka zahanati. Muuguzi aliutoa mwiba, akatoa na usaha, akasema siku mbili zaidi na angekuwa anazungumza habari za kumkata kidole. Olow alipewa dawa na kuambiwa asishike kitu kwa siku kumi na nne. Njiani kurudi alitembea hatua moja nyuma yake, akingoja aambiwe achukue vitu vyake. Walipofika, Shamso alimwonyesha kitanda cha kamba kilichokuwa uani, chini ya ule ukuta uliopakwa rangi. Alimwambia alale hapo kwenye kivuli, theluthi yake iko palepale, na ampe namba ya simu ya Lul.

Lul alivuka kesho yake na mtoto wake mdogo mgongoni. Kwa wiki mbili yeye na Shamso walihamisha miche kutoka kitaluni, wakichuchumaa bega kwa bega, mche baada ya mche, tangu alfajiri hadi jua lilipowafukuza. Lul alikuwa msemaji kuliko mumewe. Alimweleza Shamso kwamba kila Olow anapompigia simu kutoka Rhamu humwambia ameshiba, ameshalala, hachoki. Alisema haamini hata moja katika hayo, lakini humwitikia, kwa sababu akikataa atakuwa amemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho. Shamso alisukuma udongo kwenye shina la mche akaukandamiza kwa dole gumba. Akamuuliza Lul kama hadhani ni bora mtu aulize. Lul alifikiri, akasema labda, ikiwa mwenye kuuliza yuko tayari kusikia.

Pesa ziliendelea kuja kila tarehe tano. Shamso alizichukua kwenye duka la hawala, la kutuma na kupokea pesa, akaziweka kwenye mkebe bila kuzigusa. Jamaa walipopita na shida zao aliwaambia hali si hali mwaka huu, wasubiri mavuno. Wengine walinung'unika. Kuna waliosema Hooyo Kanada amekuwa mkono wa birika. Alijitia hamnazo.

Vitunguu vilikomaa mwezi wa kumi, pamoja na vya kila mtu. Malori kutoka Mandera yalikuja, madalali wakashuka na bei ya kuchekesha. Majirani waliuza, kwa sababu mvua ilikuwa inanuswa na hakuna aliyetaka vitunguu vimwozee. Nkirote alikuwa amemwonya Shamso juu ya hili. Alimsaidia Olow, aliyekuwa amepona, kujenga vichanja vya fito chini ya paa la makuti na mahema ya zamani, juu ya ardhi, upepo upite chini na juu. Walivikausha vitunguu siku kumi, wakavipunguza majani, wakavipanga. Olow alilala hapohapo. Mvua ikaja. Barabara ya Mandera ikakatika siku ya tisa, ya Wajir siku ya kumi na mbili. Walipoteza vichache vilivyonyeshewa upande wa kaskazini, vingine vikabaki salama. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, lori la kwanza lililofanikiwa kupita lilinunua kilo moja kwa bei ya kilo tatu za Oktoba.

Olow alichukua theluthi yake, na Shamso akaongeza juu yake kidogo bila kueleza ni ya nini. Sehemu iliyobaki aliigawa, ya mbegu na mafuta ya pampu upande mmoja, ya chakula upande mwingine. Kilichosalia alikifunga kwenye leso pamoja na zile pesa za kwenye mkebe.

Duka la hawala lilikuwa la Abdiwahab, ambaye kwa miaka saba alimwona Shamso kila tarehe tano. Alipomwona akiingia tarehe mbili alisema hakijafika kitu bado, eeddo.

"Nimekuja kutuma," Shamso alisema.

Abdiwahab alichukua fomu akauliza anatuma wapi, Nairobi au Garissa. Alipoambiwa Kanada, aliiweka kalamu chini. Aliuliza jina la mpokeaji, ingawa alilijua kama jina lake. Aliuliza tena. Kulikuwa na wanawake wawili kwenye benchi wakingoja zamu yao, na mazungumzo yao yalikatika. Shamso alilitamka jina la mwanawe, na la babu yake, polepole na kwa sauti ya kusikika, akafungua leso juu ya meza.

Ijumaa Abdihafid alipiga simu ya video. Uso wake ulikuwa mkubwa kwenye kioo, na nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe. Baada ya salamu aliuliza zile pesa ni za nini.

"Za vitunguu."

"Hooyo, mimi nina kazi. Sihitaji."

"Nionyeshe mikono yako."

Aliuliza nani amemwambia.  Shamso alirudia tu, kwa sauti ya kawaida, kama alivyokuwa akimwambia zamani kabla ya kula. Simu ilitikisika, ikawekwa juu ya kitu, na Abdihafid akaiinua mikono yake yote miwili mbele ya kioo. Kwenye kifundo cha kulia palikuwa na kovu jipya, lenye rangi ya waridi. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na vidole vimejikunja kidogo, havinyooki. Shamso aliitazama kwa muda mrefu. Alimwambia aigeuze, akaigeuza. Hapo ndipo Abdihafid alipolia, mtu wa miaka thelathini na minne, na mama yake alimwacha alie hadi akamaliza.

Alipoweza kuongea alisema alikuwa anaona haya. Alisema kila alipotaka kumweleza alifikiria wanavyomwita huko mtaani.

"Hilo jina nilipewa na watu," Shamso alisema, akimwita hooyo kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe. "Sikiliza, hooyo. Ukiwa na kidogo, tuma kidogo. Ukikosa, sema umekosa. Nami nikiwa na shida nitakuambia, na nikiwa na vitunguu nitakuambia."

Kisha akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kumuuliza kwa miaka saba, kama anafikiria kurudi. Abdihafid alitazama pembeni, ambako sauti za watoto zilikuwa zikisikika wakigombania kitu kwa Kiingereza. Alisema hawezi kumdanganya tena leo. Watoto wanasoma, Idil hawezi kuacha kazi, na yeye akirudi atarudi na bahasha. Shamso alisema amesikia. Alikuwa ameshajua, lakini kulisikia kulimpa maumivu ya aina yake, nayo yakakaa.

Pesa za vitunguu hazikulipa madeni yote. Zililipa lile la mtu asiyejulikana, na nyingine Abdihafid alilipia mafunzo ya kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo, kazi isiyotaka kisu. Mwezi wa tatu alipata nafasi kwenye ghala la vyakula, mshahara chini ya ule wa machinjioni. Alimwambia mama yake mshahara ni kiasi gani, shilingi kwa shilingi, na kwamba atakuwa akituma nusu ya zamani, miezi mingine asitume. Shamso alisema sawa. Sasa simu zao zilikuwa ndefu, na mara nyingi zilikuwa juu ya shamba. Abdihafid, aliyeapa kutoshika jembe, alikuwa na maoni mengi kuhusu mbegu.

Olow hakurudi msimu ule. Alikuja mwezi wa kwanza kuaga, akiwa na Lul, na akaeleza kwamba kwa theluthi yake amekodi pampu pamoja na jirani yake, watalima kwao. Aliyasema hayo akitazama chini, kama mtu aliyekosa. Shamso alijisikia kufa moyo kidogo, maana alikuwa ameshamzoea, na ekari mbili hazilimwi na mwanamke mmoja. Lakini alimpa mbegu za kutosha nusu ekari yake, na akawasindikiza hadi mtoni. Maji yalikuwa ya kiunoni. Olow alimpakia mtoto mabegani, Lul akaweka mbegu kichwani, wakavuka taratibu wakipapasa kwa miguu. Baada ya robo saa walikuwa upande wa pili, nyumbani kwao, wakikamua nguo.

Upande huu kulikuwa na wanaume wanne wamekaa ukingoni, wamevuka asubuhi hiyo na majembe yao. Shamso aliwasalimia, akawauliza ni nani kati yao anayejua vitunguu. Wawili waliinuka. Aliwaambia masharti wakiwa wanatembea, theluthi, chakula na mahali pa kulala, na akawaambia kwamba mtu akiumia kwake husema siku hiyohiyo. Zamu yake ya maji kwenye mfereji wa wakulima wote ilikuwa saa kumi jioni, na matuta ya ile ekari ya upande wa mto yalikuwa bado hayajafunguliwa maji.